Beberu wa Kikundi

Mama alinipigia simu nikiwa kazini Levolosi, ninapima kiuno cha mteja, akaniambia amepewa beberu.

Siku zile neno hilo lilikuwa linasikika sana redioni, na halikuwa na maana ya mbuzi. Nikachukua muda kidogo kumwelewa. Nikamuuliza amepewa na nani.

"Na shirika," akasema. "Yupo hapa uani. Anakula khanga yangu."

Nikamwambia basi amnyang'anye hiyo khanga. Akajibu kwamba ni ya zamani, na mgeni ametoka safari ndefu. Kisha akakata simu. Mteja wangu alikuwa amesikia yote, akaniuliza kama mama yangu anajihusisha na siasa.

Wakati huo mama alikuwa anaishi peke yake kwetu, juu ya Tengeru, mahali ambapo barabara ya lami imeshakata tamaa na kuacha kazi kwa ile ya udongo. Baba alikuwa ametutoka miaka michache nyuma. Sisi watoto tulikuwa tumetawanyika, mimi nikiwa wa karibu zaidi, kwa sababu nilipanga chumba Moshono na nilikuwa na cherehani yangu mjini. Mama alibaki na kahawa, migomba, na mashirika.

Mashirika yalimpenda, naye aliyapenda. Ukiitisha mkutano wowote kwenye ofisi ya kijiji kuhusu jambo lolote la mkulima mdogo, mama atakuwa amekaa kwenye benchi la mbele kabla mwezeshaji hajashuka kwenye gari. Ukitembea uani kwetu unaona historia yote. Kuna jiko banifu, ambalo kweli linabana kuni na mama hawezi kuishi bila hilo. Kuna mzinga wa nyuki wa kisasa, uliopakwa rangi nzuri, ambao nyuki waliukagua siku moja wakaondoka wasirudi. Kuna kibanda cha uyoga ambacho sasa kuku wanatagia. Kuna miche ya parachichi ambayo imekuwa miti na inamlisha hadi leo. Na kuna kofia, kofia nyingi sana, kila moja na maneno yake, anazovaa akienda kupalilia kulingana na hali ya moyo wake.

Safari hii shirika lilikuwa limeleta mbuzi wa maziwa. Lilikuta kikundi cha akina mama kilichokuwepo tayari, wengi wao wakiwa wa kanisani kwetu, likawafundisha kujenga banda la juu lenye sakafu ya mabanzi, likawafundisha kupanda majani ya malisho kwenye kingo za matuta, halafu siku moja pikapu likaja na mbuzi. Wanakikundi walipata majike, kila mmoja na wake, kwa makubaliano kwamba mtoto jike wa kwanza atapewa mama mwingine ambaye bado hajapata. Na beberu mmoja alikuwa wa wote. Huyo alihitaji nyumba ya kukaa.

Mama alinisimulia mwenyewe Jumamosi ile nilipopanda kwenda kumwona.

"Mtaalamu akauliza nani atamtunza dume," alisema. Mtaalamu ndivyo walivyomwita afisa mifugo wa shirika, msichana mdogo wa kutosha kuwa mjukuu wao, aliyekuja kwa pikipiki na mabuti ya mpira. "Kila mtu akaangalia chini. Mmoja anasema mgongo unamuuma, mwingine anasema mume wake hapendi harufu. Na yeye mwenyewe amesimama pale, anasikia. Nikaona vibaya."

"Uliona vibaya kwa ajili ya mbuzi?"

"Ungekuwa wewe umeletwa mahali, halafu watu wote wanakukataa mbele ya macho yako, ungejisikiaje?"

"Kwa hiyo jike hukupata."

"Anayetunza dume anasubiri. Nitapata watakapozaa. Kwanza njoo umsalimie."

Alikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Rangi ya kahawia, mistari miwili myeupe usoni, ndevu za mzee wa baraza, na harufu ambayo ilikupokea getini, ikakushika mkono na kukusindikiza hadi ndani. Sijui niielezeje. Nilirudi mjini jioni, nikaoga, nikabadilisha nguo zote, na Jumatatu mteja alipoingia dukani akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akaniuliza kwa upole kama nimehamia karibu na zizi.

Akina mama walimpa jina la Bwana Harusi. Jina hilo lilitokana na tatizo la lugha. Hawa walikuwa wanakwaya na wazee wa kanisa, wenye wajukuu na heshima zao, na shughuli iliyowaleta kwetu na mbuzi zao ilikuwa shughuli moja tu. Mtaalamu aliitaja wazi wazi kwenye semina, na ubao wake wenye michoro, na wao wakaandika kila kitu huku wameinamisha vichwa. Lakini kusema mdomoni, asubuhi, mbele ya mlango wa mtu, ilikuwa kazi nyingine. Basi mtu alifika akimvuta mbuzi wake anayepiga kelele njia nzima, akabisha hodi, akasema, "Nimemleta huyu amsalimie Bwana Harusi." Mama anajibu, "Karibuni, yupo." Mbuzi wanaachwa wasalimiane, na wenyewe wanaingia jikoni kunywa chai na kuongea habari za bei ya kahawa kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida.

Malipo yalikuwa mzigo wa majani. Anayekuja na mbuzi anakuja na majani kichwani, kwa sababu Bwana Harusi alikula kama watu wanne na mama peke yake asingeweza kumkatia. Ndivyo kikundi kilivyoamua. Ndivyo pia ilivyotokea kwamba nyumba yetu, ambayo tangu msiba ilikuwa imekaa kimya hadi unasikia migomba ikigusana, ikawa haina siku inayopita bila hodi.

Niliiona tofauti kwenye sufuria. Baada ya baba kufariki mama alikuwa amehamia kwenye kisufuria kidogo sana, cha ugali wa mtu mmoja, na kila nilipokiona jikoni nilijisikia vibaya. Sasa birika kubwa lilikuwa limeshushwa darini, na thermosi mbili zilikuwa mezani muda wote. Alilalamika kwamba sukari haikai. Alilalamika kwa furaha kabisa.

Mtu mmoja tu wa kikundi hakufika, na huyo ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa mimea ya masale. Yeye na mama walikuwa marafiki tangu wameolewa mtaa mmoja, hadi kwenye msiba wa baba. Kwenye msiba jirani alitoa sufuria lake kubwa la kupikia pilau, na katika vurugu za kupika kwa watu wengi likaungua, likatoboka. Mama alinunua jingine. Jirani akalipokea, akaligonga kwa kidole, akasema, "Hili ni jepesi." Neno hilo moja, siku zile mama akiwa bado anavaa nguo nyeusi, lilikaa kati yao miaka mitatu. Walisalimiana kanisani tu, "Bwana asifiwe," "Amina," kila mmoja akiangalia kitabu chake cha nyimbo.

Sasa jirani naye alipewa mbuzi jike, mweupe, mzuri, na wakati wake ukafika. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimefunga duka tangu Alhamisi jioni. Yule mbuzi alianza kulia Ijumaa asubuhi upande wa pili wa ua. Bwana Harusi akamjibu. Akalia tena, akajibiwa tena, na ikawa ni mazungumzo ya mchana kutwa, ya watu wawili wanaoelewana sana wakitenganishwa na wazee wao. Mama alikuwa anachambua maharage barazani na uso wa mtu asiyesikia kitu.

"Mama," nikasema, "si umwite tu."

"Simwiti. Njia anaijua."

Jumamosi mchana njia ikajulikana. Jirani alipita getini, sio kwenye pengo la ua walilokuwa wakipita zamani, akiwa na gauni la kwenda ibadani, majani kichwani na kamba mkononi. Mbuzi ndiye aliyekuwa anamvuta yeye.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu, umekuja kumwangalia mama?" Kisha akamgeukia mama, akaangalia juu ya kichwa chake kidogo. "Nimemleta huyu asalimie."

"Yupo," mama akasema. "Weka mzigo hapo."

Tukamwingiza yule mbuzi mweupe bandani. Hapo ndipo, baada ya kelele za siku mbili zilizotutia aibu mtaa mzima, alipomwangalia Bwana Harusi kwa karibu, akanusa, akageuka, akaenda kusimama kwenye kona akiwa ametupa mgongo. Bwana Harusi alinyanyua mdomo, akaimba ule wimbo wake wa kooni. Mbuzi hakugeuka.

Jirani alitazama jambo hilo kwa muda. "Sasa huyu," akasema, "ndiye aliyeninyima usingizi?"

"Mpe muda," mama akasema. "Labda harufu."

"Harufu hata mimi inanisumbua, lakini nimekuja."

Mama alijaribu kujizuia. Nilimwona akibana midomo, mabega yakaanza kutikisika, na jirani akamwona pia, na wote wawili wakashikilia nguzo za banda wakicheka hadi jirani akalazimika kuvua kitambaa cha kichwa afute macho. Mimi nilisimama tu. Sijawahi kujua kama nilitakiwa kubaki au kuondoka.

Muda ulihitajika kweli, kwa hiyo ikabidi aingie anywe chai. Alikaa kwenye kiti chake kilekile cha zamani, karibu na dirisha. Kikombe cha pili kilipomiminwa akasema bila kuulizwa, "Lile sufuria ni zuri. Nimelipikia kipaimara cha wajukuu wote. Halishiki chini."

"Uliniambia ni jepesi."

"Ni jepesi. Na mimi mgongo wangu umezeeka, ningebebaje zito?" Akageuza kikombe mezani. "Siku ile nilisema vibaya. Sikujua niseme nini kwako, basi nikaongea habari za sufuria."

Mama alimsogezea sahani ya maandazi. Tulipotoka nje mbuzi mweupe alikuwa ameshaacha kona, na mambo yalikuwa yameendelea vizuri bila sisi. Jirani alirudi kwake kupitia pengo la ua, akimvuta mbuzi wake katikati ya masale kama zamani.

Vitoto vilizaliwa mtaa mzima, vyote vikiwa na mistari ya usoni ya baba yao. Mama alipata jike lake, bado kitoto, na huku akisubiri likue alianza kuweka maziwa ya mbuzi wa jirani kwenye chai na kumwangalia kila mgeni usoni anapokunywa. Ilikuwa inaenda vizuri hivyo hadi Mtaalamu alipokuja na pikipiki yake, akakaa barazani, akakataa chai. Mtu akikataa chai ya mama ujue ana habari mbaya.

"Mama," akasema, "watoto wake wa kwanza wanakaribia kukua. Hatuwezi kumwacha awapande binti zake mwenyewe. Itabidi tumbadilishe na dume la kikundi kingine."

Mama alilijua jambo hili. Lilifundishwa kwenye semina ya pili, na yeye ndiye aliyelieleza kwa wenzake waliochelewa. Lakini kulijua ubaoni na kulisikia barazani ni vitu viwili.

"Kwani hao binti hawawezi kuolewa mbali?" akauliza. "Wapelekeni wao huko kikundi kingine. Yeye abaki."

"Wapo wengi, mama. Yeye ni mmoja."

"Huko anakokwenda ni kwa nani?"

Mtaalamu akasema ni kwa mzee mmoja upande wa Ngaramtoni, ukizunguka mlima, ambaye naye ana dume jeupe la kikundi chao. Mama akafikiri. Kisha akatoa sharti ambalo nina hakika haliko kwenye mwongozo wa shirika lolote: hatamtoa mnyama wake kwenda nyumba ambayo yeye hajaiona.

Ndivyo tulivyojikuta, asubuhi moja, kwenye pikapu la shirika kuelekea Ngaramtoni: Mtaalamu mbele na dereva, mimi, mama na jirani nyuma, mama na jirani wakiwa wamevaa vitenge vya sare walivyoshonewa na mimi kwa haraka. Nilimuuliza mama sare ni za nini. Akasema watu wasije wakadhani mbuzi anatoka kwa watu ovyo.

Mzee alitupokea getini. Alikuwa mrefu, Mwarusha, shuka begani, fimbo mkononi, mstaafu wa kazi za serikali aliyerudi kufuga. Nilimwamkia, akaitikia, akatukaribisha chini ya kivuli cha ukuta ambapo viti vilikuwa vimeshapangwa, viwili viwili vikitazamana. Nikagundua kwamba na yeye alikuwa amejiandaa. Pembeni yake alikaa mdogo wake, kama mshenga.

"Nimeambiwa mmekuja kukagua," mzee akasema.

"Tumekuja kusalimia," mama akajibu.

"Vizuri. Na mimi nina maswali yangu. Wa kwangu hatoki hapa kabla sijajua anakokwenda."

Mtaalamu alifungua mdomo aeleze kwamba hili ni zoezi la kawaida tu la kubadilishana madume. Jirani akamgusa mkono, naye akaufunga.

Basi wakaanza. Mama aliuliza banda lina upepo kiasi gani upande wa jioni. Mzee akauliza kwetu baridi ikoje mwezi wa saba. Mama akauliza kama kuna mbwa. Mzee akauliza kama kuna mtu nyumbani mchana, kwa sababu wa kwake hapendi kukaa peke yake, amezoea kusikiliza taarifa ya habari pamoja naye. Mama akasema wa kwake anapenda maganda ya ndizi mbivu, lakini yakatwe, akipewa mazima anayakanyaga. Mzee akamwambia mdogo wake akumbuke hilo. Jirani, ambaye hakuulizwa, akatangaza kwamba Bwana Harusi ana tabia njema na hajawahi kumkimbiza mtoto wa mtu. Mdogo wa mzee naye akasema dume lao linatoka kwenye ukoo wa maziwa mengi. Ilifika mahali nikamwona dereva amekuja kusimama nyuma yetu kusikiliza, amekunja mikono, anatikisa kichwa kukubali hoja zinapokuwa nzuri.

Mwishoni tulipewa chai. Mama alikunywa yote, na mimi nikajua neno limepita.

Siku ya kubadilishana mama alimchana Bwana Harusi ndevu. Alimfungia kifurushi cha maganda ya ndizi, akamshika kichwa, akamwambia maneno kwa Kimeru ambayo sikuyasikia vizuri. Alikuwa amejiandaa kulia. Lakini Bwana Harusi alinusa ndani ya pikapu, ambamo dume jeupe lilikuwa limesafiri asubuhi ile, akaruka juu peke yake bila kusukumwa, na gari likaondoka yeye akiangalia mbele. Hakugeuza shingo hata kidogo. Mama alikasirika sana, na hasira zikamsaidia.

Dume jeupe lilikataa kula siku ya kwanza. Jioni mzee akapiga simu kuuliza hali, mama akamwambia. Mzee akamwambia aweke redio. Mama alibeba redio ya baba hadi bandani, akaiweka kwenye mabanzi, na taarifa ya habari ilipoanza yule mbuzi akasogea, akaanza kutafuna. Kesho yake mzee akapiga tena kuuliza. Na kesho yake.

Mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Akina mama walimfanyia Mtaalamu sherehe uani kwetu, wakamvisha vitenge hadi akashindwa kupanda pikipiki, wakamwimbia. Alilia kuliko wote. Alituambia ana wasiwasi nani ataratibu kubadilishana kwa madume yeye akiwa hayupo. Watu wakaangalia vikombe vyao. Jirani ndiye aliyesema, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Wahusika wanaongea kila siku."

Mama alisema hayo ni mambo ya kikundi tu. Alisema hivyo pia nilipomkuta Jumamosi moja sokoni Tengeru, amekaa kwenye banda la mama lishe na mzee wa Ngaramtoni, sahani ya ndizi na nyama katikati yao, wakijadili minyoo. Kaka yangu alipiga simu kutoka Dodoma kuniuliza kama ni kweli anayoyasikia. Nikamwambia kwamba kadiri ninavyojua mimi wanajadili minyoo. Akauliza kama minyoo inahitaji saa tatu. Nikamwambia ni somo pana.

Safari iliyofuata walibadilisha wenyewe, bila shirika, kwa gari la kuazima kutoka kwa muumini mwenzetu. Dume la tatu lilitoka kikundi kingine kabisa ambacho mzee alikuwa amewatafutia, jeusi, pembe zimekwenda nyuma, na hasira ambazo hakuna aliyetuambia. Siku ile ile liling'oa mlango wa banda na kupita katikati ya kahawa. Tulilikamata mimi na jirani, yeye ameshika pembe, mimi mkia, tukalirudisha ndani, na nikasimama nikiuegemea mlango kwa mgongo huku jirani anatafuta misumari. Mama hakuja kutusaidia. Alikuwa barazani na simu sikioni, anamweleza mzee wa Ngaramtoni kila kitu kuanzia mwanzo, pamoja na sauti ya mlango ulipovunjika, na anacheka hadi anashindwa kumaliza sentensi.

"Mwambie alete bawaba," jirani akapaza sauti, msumari mdomoni.

"Anasema atakuja kesho mwenyewe," mama akajibu, akageukia upande mwingine kidogo ili aongee vizuri.